Mawe Haya Hayapondwi, Mama

Tena, mama, mawe haya hayapondwi. Hapo ndipo nilipokuwa nafika uliposema "basi, nimesikia" ukakata simu. Hukusikia. Ulisikia neno "mawe" tu, na ukishalisikia hilo masikio yako yanafunga duka. Ndiyo maana leo Jumapili, baada ya misa, nimekaa mezani kwangu hapa Bweri na karatasi. Kwenye simu unanikatizaga. Kwenye barua utanikatizaje?

Na sitaibandika gundi. Iende wazi hivyo hivyo mpaka Bunda, na ukimaliza kuisoma uwasomee akina mama wa jumuiya. Najua umewaambia kwamba mwanao yuko "ofisini Butiama", na wakikuuliza ofisi gani, unaanza kuulizia bei ya dagaa. Jirani yako Mama Kulwa alinieleza siku ya harusi, akicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Nilicheka naye, halafu nikaumia kidogo. Mama, nina furaha siku hizi ambayo ukiiweka kwenye ndoo itamwagika. Nimepata mume. Nimepata nyumba yenye mlango wa buluu, na asubuhi nikiufungua naliona ziwa kwa mbali, kipande tu, kama leso iliyoanikwa. Na nimepata kazi ninayoamka kuiwahi bila kuamshwa. Wewe umefurahia kuolewa kwangu, umeufurahia hata mlango. Nataka uifurahie na kazi. Hicho tu ndicho kimebaki kwenye raha yangu yote, na sitanyamaza mpaka nikipate.

Nayakumbuka maneno yako neno kwa neno. Ilikuwa ile siku ya kuniaga, wanawake wameshanifunga kitenge kipya, mashangazi wanaimba uani, nami nikakuvuta pembeni nikakunong'oneza nililokuwa nimekuficha mpaka majaribio yaishe, kwamba makumbusho wamenichukua, kazi ni kuorodhesha zana za mawe. Uliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mawe, Nyangeta?"

"Ndiyo mama. Ya kale."

"Ya kale, ya leo, jiwe ni jiwe. Mimi nimepondaga mawe maisha yangu yote ili mkono wako usishike jiwe. Sasa umesoma umemaliza kidato cha nne, unaniambia umeenda kushika mawe? Si ungebaki tuponde wote?"

Halafu shangazi akaja kutuita, ukajifuta uso, ukaenda kucheza ngoma kuliko wote. Hivyo ndivyo ulivyo. Lakini ule mgongo wako ukinigeuka niliuona, na ninauona mpaka leo.

Sisemi kwamba huna haki. Nani anayajua yale mawe ya chini ya mlima kuliko mimi? Nikitoka shule nilikuwa nakuja moja kwa moja pale, navua viatu vya shule naviweka kivulini, nachukua ile nyundo ndogo. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia, miguu umeinyoosha mbele, jiwe umelizungushia ile pete ya mpira wa tairi ili vipande visiruke. Ko, ko, ko. Mlio wa nyundo yako niliujua kati ya nyundo za wanawake wote. Mama Kulwa alikuwa anapiga kwa hasira, kana kwamba jiwe limemtukana. Wewe ulikuwa unaligeuza kwanza, unalitazama upande huu na ule, unalipapasa kwa kidole gumba, halafu unapiga mara moja tu, nalo linafunguka kama andazi.

"Usipige palipo pagumu," ulikuwa unaniambia. "Litafute lenyewe linapotaka kupasukia."

Na unaikumbuka siku kibanzi kilipoingia jichoni mwangu? Nilipiga kelele mpaka watu wakaacha nyundo. Uliniketisha mapajani, mkubwa vile, ukanifungua jicho kwa vidole viwili, ukakitoa kwa ncha ya kanga, kisha ukapuliza. Pumzi yako ilikuwa inanukia karanga. "Kibanzi kidogo tu," ukasema, "tulia, kibanzi kidogo tu." Jioni yake ukaificha ile nyundo ndogo, na hukunipa tena. Kuanzia hapo nikija nilikuwa nakaa pembeni na madaftari yangu, nasoma kwa mdundo wa nyundo yako. Mpaka leo kichwa changu hakisomi vizuri mahali palipo kimya.

Kwa hiyo najua unachokiona nikisema "mawe". Unaniona nimeinama juani, vumbi kwenye kope, kucha zimepasuka. Ngoja nikueleze.

Nina meza, mama. Nina kiti chenye mgongo. Nina dirisha, na nje ya dirisha kuna miti, na Butiama asubuhi kuna ubaridi mzuri mpaka naenda na sweta. Kando ya meza kuna makasha, na ndani ya makasha kuna mawe ambayo watu wa zamani sana, kabla chuma hakijajulikana, waliyachonga kwa kugonga jiwe kwa jiwe mpaka yakatoa makali. Ya kuchunia ngozi, ya kukatia nyama, ya kuchongea miti. Ndivyo vilivyokuwa visu vyao na mashoka yao. Yameokotwa huku huku kwetu Mara, mengine na watafiti, mengine na wakulima waliogonga jembe yakalia. Yamekaa stoo muda mrefu, mengine lebo zake zimeliwa na panya. Kazi yangu ni kuyarudishia majina.

Nalichukua moja. Nalipima kwa vernia, ile ile iliyotutoa jasho kwenye fizikia kidato cha kwanza, kumbe ilikuwa inanisubiri huku mbele. Naliweka kwenye mizani. Nalipiga picha na rula pembeni ili mtu ajue ukubwa wake. Naandika lilitoka wapi, kama inajulikana, na ni la aina gani. Halafu sehemu isiyo na makali napaka dawa nyembamba inayofanana na rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Ikikauka naandika namba yake juu kwa wino, tarakimu ndogo kama sisimizi, na kuifunika kwa dawa tena. Hivyo wino haugusi jiwe lenyewe. Hata baada ya miaka mtu akitaka kuitoa namba, inatoka, na jiwe linabaki lilivyoachwa na mwenyewe. Si uungwana huo? Mimi nauona kama uungwana.

Na aina zake, sikiliza. Kuna shoka la mkono, ambalo halina mpini, umbo lake kama chozi kubwa. Kuna kikwaruzo, cha kukwangulia ngozi. Kuna kiini, yaani lile jiwe mama lililomegwa. Na kile kilichomegeka kutoka kwenye kiini, unajua kinaitwaje? Kibanzi. Neno lako! Siku ya kwanza Madam, ndiye mkuu wetu wa stoo, aliponiwekea kimoja kiganjani akasema, "hiki ni kibanzi," jicho langu la kushoto lilipepesa lenyewe.

Huyu mkwe wako naye nilimpata hapo hapo kwenye mawe. Hili hulijui vizuri, maana siku ya posa wazee walisema "kijana ana karakana yake Iringo" wakaishia hapo wakadai chai. Magesa alikuja kutengeneza makabati na trei za kulazia mawe. Fundi mwingine angepima ukuta akaondoka. Yeye alisema hawezi kutengeneza kitanda bila kumwona mlalaji. Nikamfungulia kasha, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi, naogopa hata kukohoa. Akanyoosha kidole bila kugusa, akauliza, "Hili linalalaje?"

Linalalaje! Mama, mwanamume anayeuliza jiwe linalalaje, wewe ungemkataa?

Akatengeneza trei za mbao, akazipiga msasa mpaka zikawa kama shavu, na ndani akaweka sponji aliyoikata kwa umbo la kila jiwe, moja baada ya jingine, ili yasigongane. Kazi hiyo ilihitaji apime na kupima tena. Mwenzangu Chacha, anayepiga picha za mawe, hakuacha kunisumbua. "Nyangeta, fundi amekuja kupima tena." "Kabati gani tena?" Madam naye anadakia. "Lile lile. Labda limerefuka usiku." Nilikuwa najifanya siwasikii, uso unawaka moto.

Siku ya trei ya mwisho aliileta ameifunika kwa kitambaa, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikapanga mawe yote, kila moja likaingia kitandani mwake. Ikabaki nafasi moja ndogo pembeni, ya duara.

"Hii ni ya jiwe gani?" nikauliza.

"Si ya jiwe," akasema. Akatoa pete mfukoni akailaza pale, ikatosha sawasawa. Halafu akaanza kuipangusa ile trei, anaipangusa tu, mpaka nikamwambia, "Ndiyo, Magesa. Uliza basi, jibu ndilo hilo." Nikikumbuka naona aibu, na ninakumbuka kila siku.

Sasa hivi yuko jikoni anakaanga sato. Ananiitaga "mke wangu wa Zama za Mawe". Majirani wakisikia wanadhani ananitukana, na mimi nayeyuka kama samli.

Basi nikupe kichekesho, maana kazi hii imenichekesha pia, na kichekesho chenyewe kinakuhusu. Kulikuwa na kasha moja lisilo na lebo, lina mawe meupe ya kung'aa kama chumvi. Ndani yake nikakuta kibanzi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Pale kilipopigwa pamevimba kinundu kidogo, laini, na kutoka hapo yanashuka mawimbi madogo, pete kwa pete, kama maji ukirusha kitu ziwani. Mkono wangu ulikijua kabla ya macho. Nilikaa nacho karibu saa nzima. Nikakipima, nikakichora, nikakipa namba, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: kibanzi cha kale.

Asubuhi Madam akaniita na kioo chake cha kukuzia.

"Mdogo wangu, njoo. Hapa juu unaona nini?"

"Kimstari cheusi, Madam."

"Hicho ni chuma. Nyundo imepita hapo. Na tazama lilivyo jeupe, halijakaa ardhini likabadilika rangi. Waliokusanya lazima walilizoa na mengine pembeni mwa barabara." Akaniangalia, midomo inamcheza. "Hii ni kokoto, Nyangeta."

Chacha aliinuka kwenye kiti. "Ametuandikishia kokoto! Jamani, kesho analeta mchanga, keshokutwa tunamwaga zege!" Madam mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Mtoto wa mponda kokoto, ameenda makumbusho, na kitu cha kwanza alichokipenda kwa moyo wote ni kokoto!

Nilicheka nao. Lakini walipokwenda kunywa chai nilibaki nacho mkononi, na sikucheka tena. Nilikosea kwa sababu vinafanana, mama. Yule mtu wa kale aliligeuza jiwe lake, akalipapasa, akatafuta linapotaka kupasukia, akapiga, na mawimbi yakakimbia ndani yake namna hii. Mponda kokoto naye amepiga, yakakimbia namna hii hii. Jiwe halikujali ni nani. Yule alitaka makali, huyu alitaka kipande cha kutosha kwenye zege, na wote wawili, nadhani, walikuwa na watoto wanaosubiri kula. Niliwaza: huyu wa kale labda alikuwa mwanamke. Labda naye alikaa chini miguu ameinyoosha. Labda mwanawe alikuwa pembeni, na kibanzi kiliruka, na yeye akapuliza.

Madam aliporudi akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamweleza. Nilimweleza yote, pete ya tairi, gunia, jicho, na wewe kwamba hutaki kusikia habari za kazi yangu. Aliifuta ile namba, kwa sababu makosa hayabaki kwenye orodha. Lakini kibanzi hakukitupa. Alikiweka kwenye trei ya kufundishia wanafunzi wanaotutembelea, ubavuni mwa kibanzi cha kale, wajifunze kutofautisha mkono wa nyundo na mkono wa jiwe. Akaniambia niandike maelezo yake mwenyewe. Nikaandika: "Kokoto. Imepondwa kwa nyundo ya chuma, na wanawake na wanaume wa siku hizi, kwa ajili ya ujenzi."

Kwa hiyo iko pale, mama. Kokoto iko makumbusho, imelala kwenye sponji, watoto wa shule wanainamia kuitazama. Nikawaza jinsi unavyoficha kazi yangu kwa sababu inafanana na yako, na nikawaza kwamba labda si kazi yangu unayoionea haya. Nisamehe kama nimevuka mpaka. Ulitaka mikono yangu isichubuke. Haijachubuka. Ni laini mpaka Magesa akiishika anasema ataitengenezea trei. Hukushindwa, mama. Ulinipitisha upande wa pili wa mawe, nikayakuta tena, na safari hii hayaniumizi. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta tangu ulipokata simu. Nimeipata sasa hivi, nilipokuwa naandika.

Mama! Subiri.

Nimeweka kalamu chini, simu imelia, na ni wewe! Nimeruka mpaka kiti kimeanguka, Magesa ametoka jikoni na mwiko. Hukusalimu hata kusalimu.

"Hayo mawe yenu," umesema, "mnayaoshaga na sabuni?"

"Hapana mama. Maji matupu tu, na mswaki laini."

"Mswaki?"

"Wa meno. Mpya. Taratibu, halafu tunayaanika kivulini. Mengine hatuyaoshi kabisa, tunapangusa tu."

Nilisikia kuku wako nyuma, na mtu anatwanga. "Mh," ukasema. "Sabuni ingeyatia utelezi." Ukafukuza kuku mmoja. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua: "Na huyo mkwe wangu, naye anakuwepoga huko?"

"Hapana mama. Siku za kazi yuko Iringo karakana."

"Haya." Ukakata.

Nimesimama katikati ya sebule na simu kifuani. Magesa akauliza, "Mama amesema nini?" Nikamwambia, "Ameuliza kama unakuwepo Butiama." Akakunja uso kwanza, maskini, akidhani amekukosea. Halafu akaelewa. Akaanza kucheka, nami nikaanza kulia, na sato akaungua.

Kwangu Bweri hutakuja, najua, na sikulaumu. Mama mkwe haingii kwa mkwe wake akala, mpaka mambo ya wazee yatimie. Nani asiyekumbuka siku ya harusi, pale uani, mlipokutana uso kwa uso kwenye kona? Wewe ukajibanza nyuma ya tangi la maji na gauni lako jipya, yeye akachuchumaa akawa anakagua tairi la baiskeli isiyo yake, mpaka mwenye baiskeli akaja kumuuliza kama anainunua. Nayaheshimu hayo yote. Lakini makumbusho si nyumba ya mkwe. Pale hakuna wa kumkwepa. Nami sikukuambia hilo, mama. Umelifikiria mwenyewe, umekaa na kuku wako, ukalipigia hesabu, ukanipigia simu.

Nilikuwa nimepanga kuimaliza barua hii kwa kukubembeleza. Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kubembeleza. Nimeyafuta. Sasa natengeneza ratiba. Nitamwomba Madam ruhusa, na sidhani atakataa, ameshaniuliza mara ngapi kama una mpango wa kuja. Uandae gauni la Pasaka na viatu visivyobana, maana pale tutasimama sana: nitakuonyesha mawe taratibu, moja moja, na sitakuharakisha. Utaligeuza kila moja upande huu na ule unavyotaka. Nitakuvalisha glovu, usikasirike, ndio utaratibu, hata mimi navaa mara nyingine.

Barua nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, utaipata kabla ya jioni. Mimi mwenyewe nakuja Jumamosi moja kabla mwezi huu haujaisha, peke yangu, nilale kwako kitanda kimoja kama zamani tuongee mpaka tuchoke, na Jumatatu alfajiri tupande gari pamoja tushukie njia panda ya Butiama. Usianze kusema una mawe ya kumalizia. Yatakungoja. Nakuja, mama, kabla mwezi haujaisha.

Mwanao, mke wa watu sasa lakini bado mtoto wako,
Nyangeta